Kizimahamu

Mkono wa Ndahani Chidawali ulikuwa umefika nusu ya safari, kati ya sahani na mdomo, chapati ikining'inia kwenye vidole, pale kizimahamu kilipofanya kazi yake. Hakikuuma wala hakikulia. Ilikuwa tu kama mtu amezima redio chumba cha pili. Chapati ile, ambayo sekunde moja nyuma ilikuwa ikimtoa udenda, sasa ilikuwa unga uliopikwa kwa mafuta, basi. Akairudisha kwenye sahani, akanawa, akainuka.

"Shemeji, chapati zangu zimekukosea nini?" aliuliza Mwanne, mwenye mgahawa uliotazamana na lango la kituo cha umeme cha Shamba la Jua. "Wiki ya tatu hii unazigusa na kuziacha, kama afisa afya."

"Hazina kosa. Mimi ndiye nimetengenezwa upya."

"Basi waliokutengeneza wamesahau kurudisha tabasamu."

Ndahani alicheka kwa adabu, akavuka barabara kurudi kazini.

Kizimahamu kilikuwa shanga moja tu, ndogo kama punje ya mtama, iliyopachikwa chini ya ngozi nyuma ya sikio la kulia. Kilibuniwa hapa hapa Dodoma, na jambo ambalo magazeti yalilishangilia kuliko yote ni kwamba kilifunzwa kwa Kiswahili. Shanga iliwekwa ikiwa haijui chochote. Kwa siku saba za kwanza mtu alikuwa na kazi moja: kila anapojisikia hamu, aitamke. "Hamu." Shanga ilisikia neno, ikautazama ubongo unafanya nini wakati huo, ikaweka alama. Siku ya nane ilianza kuzima kila ilichokitambua, kabla hakijapata nguvu. Haikubagua wala haikuuliza maswali, na watu waliipendea hilo.

Ndahani hakuwa mtu wa kupachikwa vitu mwilini. Hata saa ya mkononi ilimkera. Lakini alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kati ya hiyo ishirini na minane aliivuta sigara asubuhi, mchana na jioni, na mkewe alikuwa Mirihi.

Sekela alikuwa fundi wa visima, na kule walikuwa wanachimba maji chini ya barafu. Mkataba wake ulikuwa wa miaka mitatu. Kabla hajaondoka, madaktari wa safari waliwakalisha wote wawili na kuwaambia bila kuzunguka: wanaorudi kutoka Mirihi hurudi na mapafu dhaifu, na nyumba yenye moshi haiwafai hata kidogo. Ndahani aliahidi. Akachelewa, akaahidi tena, na ilipobaki miezi kumi na minane mkewe arudi, alivunja pakiti ya mwisho juu ya sinki na kuifungulia maji.

Aliyoyategemea yalimpata: hasira za bure, mikono isiyojua pa kukaa, arosto ya kuikosa sigara hadi kutaka kuparamia ukuta. Asilolitegemea lilikuwa njaa. Kumbe nikotini ilikuwa imemkalia tumboni miaka yote hiyo, ikipunguza hamu ya chakula na kuufanya mwili uchome zaidi kidogo, hata akiwa amelala. Ilipoondoka, ulimi ulifufuka. Aligundua kuwa karanga zina utamu, kwamba mtindi una harufu, kwamba vitunguu vikikaangwa mtaa wa pili mtu anaweza kusimama barabarani akasahau alikokuwa anakwenda. Na mikono ile iliyozoea kupeleka kitu mdomoni mara ishirini kwa siku, iliendelea kupeleka.

Miezi mitano, kilo nane na nusu. Wenzake kazini walifurahi kweli. "Umenawiri, bwana!" walimwambia, wakampiga mgongoni. "Kumbe moshi ndio ulikuwa unakula chakula chako!"

Kipandishi peke yake ndicho hakikufurahi. Hiki kilikuwa kiti chenye mabawa manne ya kuzunguka, kilichombeba fundi mmoja hadi kwenye vioo vya jua vilivyosimama juu ya nguzo za mita mia mbili. Mwisho wake ulikuwa mtu wa kilo themanini. Asubuhi moja Ndahani alikaa, akafunga mkanda, na kiti kikatamka kwa sauti ya upole, mbele ya watu wote: "Umezidi kilo nne na nusu. Tafadhali shuka."

Alishuka. Miaka kumi na tisa alikuwa akipanda. Hakuna aliyejua vioo vile kama yeye, na kule juu alijiona mtu. Wiki ile ile alikwenda kupachikwa shanga. Hakutaka kurudia sigara ili apungue, ingawa wazo hilo lilimjia, na alimchukia shetani aliyelileta.

Shanga ilifanya kazi. Hilo lazima lisemwe. Arosto ilikoma kama haijawahi kuwapo. Kilo zikaanza kushuka. Wiki ya sita kipandishi kilimpokea bila neno, akapanda mpaka kileleni, akaiona Dodoma yote imetandazwa chini yake na treni zake nyeupe, akasubiri furaha. Haikuja. Alifikiri labda ni uchovu.

Barua-sauti za Sekela zilifika kila siku saa tano, wakati wa chai. Umbali haukuruhusu mazungumzo. Neno lilisafiri dakika kumi na sita kabla ya kusikika. Kwa hiyo waliandikiana kwa sauti: mmoja anazungumza, mwingine anasikiliza, anajibu. Walifanya hivyo kila siku kwa karibu miaka miwili. Ndahani alikuwa akitoka nje ya mgahawa, anasimama peke yake ukutani, anasikiliza mara mbili.

Siku moja alisikiliza palepale mezani, huku akifuta kisu chake cha kazi.

"Mgogo wangu," sauti ya Sekela ilisema. Ndahani aliitwa hivyo tangu uchumba, naye humwita mkewe Mnyaki, yaani Mnyakyusa, na utani wa makabila ulikuwa umejenga nusu ya ndoa yao. "Leo ni siku ya kumi na tisa hujanijibu. Nimeuliza kituoni kama mitambo imeharibika, wakaniambia barua zinafika na zinafunguliwa. Kwa hiyo unanisikia. Kama umechoka kunisubiri, niambie. Kama kuna mtu, niambie pia. Lakini usinifanye niongee na ukuta, Ndahani. Huku kuta ninazo za kutosha."

Aliisikiliza mpaka mwisho kama mtu anavyosikiliza utabiri wa mvua wa mkoa mwingine. Akaelewa kila neno. Akajua kwamba mwanamke huyu analia, na kwamba ni mkewe, na kwamba siku kumi na tisa ni nyingi. Akatafuta ndani yake kile kilichopaswa kuinuka, akakuta pamefagiliwa.

Hapo ndipo aliposhikwa na hofu. Shanga haikuwa imefunzwa kuzima hofu. Aliacha kisu mezani, hakumuaga mtu.

Karakana ya shanga ilikuwa katikati ya jiji, na mhandisi aliyempokea aliitwa Zamda, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mmoja wa wale waliokibuni kizimahamu tangu mwanzo. Alimkalisha, akamgusa nyuma ya sikio kwa kisomaji, na kumbukumbu za shanga zikajipanga ukutani.

"Baba, wewe ni mfano mzuri sana," alisema kwa fahari. "Tazama. Hii ni sigara. Imezimwa mara nyingi wiki mbili za mwanzo, sasa karibu hakuna. Hivi ni vyakula: chapati, karanga, nyama choma. Ila kuna hiki kimoja kimenishinda kukipa jina. Ndicho kinachozimwa kuliko vyote." Akasogea karibu na ukuta. "Kinakuja saa tano kamili kila siku. Tena kinakuja saa kumi na mbili asubuhi, hujatoka hata kitandani. Unakula nini kitandani saa kumi na mbili?"

Ndahani aliitazama ile mistari. Saa kumi na mbili ndipo alipozoea kuamka na kunyoosha mkono upande wa kushoto wa kitanda, mahali palipokuwa patupu.

"Si chakula," alisema. "Ni mke wangu."

Zamda hakuelewa.

"Zile siku saba," Ndahani alisema taratibu, kwa sababu na yeye alikuwa analifikia jambo lenyewe wakati huo huo. "Mlisema kila nikijisikia hamu, nitamke. Nilitamka. Hamu ya sigara. Hamu ya chapati. Na saa tano nikawa namjibu mke wangu barua. Unadhani nilikuwa namwambia nini, mwanangu? Nilimwambia nina hamu naye. Kila siku. Pengine mara tatu kwa barua moja."

Mhandisi alikaa. Neno lilikuwa moja, na walilichagua wao wenyewe kwenye meza hii hii, wakijipongeza kwamba hatimaye mashine inazungumza kama watu.

"Tulijaribu kwa watu arobaini," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Tulichagua wenye nyumba zilizotulia, wanaoishi na watu wao, ili matokeo yasichanganyike. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akimsubiri mtu."

Akaongeza kama anayejisemea: "Kuna mama mmoja alikuja kunishukuru mwezi uliopita. Alisema tangu mwanawe afariki hajawahi kulala hivi. Nilidhani anazungumzia sukari aliyokuwa anakula usiku." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sijui huyo nimwambie nini. Pengine hatataka hamu yake irudi."

"Yangu naitaka irudi," Ndahani alisema.

"Siwezi kuzitenganisha, baba. Kwa shanga ni kitu kimoja. Nikiitoa, nimeitoa yote. Sigara itarudi juu yako. Njaa itarudi. Kilo zitarudi, sehemu yake angalau." Kisha akasema jambo ambalo, kwa haki, lilipaswa kusemwa miezi mingi nyuma. "Na kilo zenyewe, ukweli ni kwamba wengi wanaoacha sigara huongezeka katika mwaka wa kwanza, kisha mwili hutulia. Si ugonjwa. Mtu anatembea, anakula matunda, anakunywa maji, anatafuna kitu kisicho na madhara mikono inapowasha, anajivumilia. Mapafu yako yamepata faida kubwa kuliko hasara ya mkanda wa suruali. Lakini najua kazini kwenu kuna kile kiti."

Ndahani alikifikiria kiti, na vioo, na Dodoma iliyotandazwa chini. Miaka kumi na tisa. Iliuma, na alishangaa kidogo kwamba bado kuna kitu kinachouma.

"Itoe," alisema.

Ilichukua dakika nne. Zamda alimfunga plasta nyuma ya sikio, akamwambia asubiri. Kwa wengine hamu hurudi baada ya nusu saa, kwa wengine siku. Ndahani alikwenda kukaa kwenye benchi nje ya karakana, juani, mikono magotini.

Alitaka Sekela awe wa kwanza. Aliomba kabisa, kimyakimya. Kilichotangulia kilikuwa harufu ya mahindi ya kuchoma kutoka upande wa pili wa barabara, ikampiga tumboni mpaka akainama. Kisha ikaja sigara. Ilikuja na nguvu zote za wiki ilizozimwa, na kijana mmoja akapita mbele yake akivuta, na Ndahani akashika ubao wa benchi kwa mikono miwili ili asisimame. Alihesabu pumzi. Alitukana. Mkewe bado hakuwa amekuja. Alianza kuamini kwamba mashine imemchoma moja kwa moja, kwamba atakuwa mwanamume mnene, mwenye arosto, asiyempenda mtu.

Akafungua kinasa akaanza barua hivyo hivyo, mkavu, kwa kuwa alikuwa na deni la maelezo.

"Sekela. Ni mimi. Hakuna mtu mwingine. Nilipachikwa kitu ili nipungue, kikanikosesha akili, leo nimekitoa. Ukirudi utanikuta nimenenepa. Nadhani wataniteremsha niwe wa kuosha vioo chini. Sijavuta. Nyumba nzima haina harufu, nimefua hata mapazia. Lile pazia lako la njano limechujuka, najua utagomba, utasimama mlangoni umeshika kiuno, utasema, Wagogo na maji wapi na wapi..."

Akakoma. Ilikuwa imemshika mbavuni bila kubisha hodi. Miezi kumi na mmoja iliyobaki ilimjia yote kwa pamoja, siku moja moja, na kila siku ilikuwa na asubuhi yake na upande wake wa kushoto wa kitanda. Alilia hadharani, mtu mzima, mbele ya muuza mahindi, na hakuona aibu.

Neno lilikuwa mdomoni lakini aliliogopa. Mkono ukaenda wenyewe nyuma ya sikio, ukapapasa plasta, ukabonyeza, ukahakikisha hakuna punje chini yake.

"Mnyaki wangu," alisema. "Nina hamu nawe."

Akanyamaza, kinasa kikiendelea kuandika pumzi zake, akisubiri hamu izimwe.

Haikuzimwa. Iliuma, ikazidi kuuma, naye akaituma barua ikiwa bado inauma.