Bahasha Aliyoniachia Khalfan

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na saba, mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Maskati tangu utotoni. Nina mke, nina watoto, nina nyumba. Lakini ndugu wasomaji, sina mtu wa kuzungumza naye... na kosa ni langu mwenyewe!

Ujanani mimi na Khalfan tulisoma pamoja Marekani. Tulirudi na shahada, na tulirudi na maradhi mamoja: mpira wa Kimarekani, ule wa kuchezwa kwa mikono na helmeti. Mji huu wote watu ni soka tu. Sisi wawili ndio tuliojua mrushaji ni nani, yule anayeupokea mpira kwanza na kuamua amrushie nani. Akiharibu yeye, timu nzima imeharibika.

Kila Jumatatu baada ya alasiri nilikuwa kwake, mtaa wa Mawaleh. Mkewe alishafariki, watoto wana majumba yao. Alinipikia kahawa mwenyewe, chungu kama shubiri, tukaangalia mechi iliyorekodiwa na kubishana mpaka adhana ya magharibi.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya mrushaji mkongwe wa timu yetu. Kule kila timu ina kikomo cha mishahara. Ukimlipa mmoja sana, wengine huna cha kuwalipa. Na miaka mitatu iliyopita, siku ya kuchagua vijana kutoka vyuoni, timu ilipata kijana hodari wa kurusha. Mimi nilisema mkongwe aachwe. Khalfan akakataa katakata.

"Wee Suleiman huna huruma! Mtu kakupa umri wake wote, leo umtupe kama ganda la muwa?"

"Anakula nafasi ya watu wawili," nilimjibu kila mara. "Aachwe angali na heshima yake, kabla hajaanguka uwanjani."

Tulikuwa na ada yetu. Kila mwaka siku ya uchaguzi huo, kila mmoja aliandika rai yake ya kweli, nani abaki na nani aachwe, akaitia kwenye bahasha, tukabadilishana. Haifunguliwi mpaka ipite miaka mitatu, kwani kijana hapimwi kwa msimu mmoja. Yangu akaiweka yeye, yake nikaiweka mimi.

Miezi michache baadaye meneja akaniita. Mimi na Khalfan tulifanya kazi kampuni moja, kule mtaa wa Ghala; yeye mkuu wa bohari, mimi mkuu wa ununuzi. Meneja akasema bajeti imepungua, mmoja katika wakuu wa zamani ataondoka, nimwandikie ushauri wangu.

Nilijua vizuri, asipokuwa Khalfan, ni mimi. Je, ningefanya nini? Ningeweza kukataa! Ningeweza kumwambia mwenzangu! Sikufanya hata moja. Nilikaa nikaandika, na wallahi sikuhangaika kutafuta maneno. Yalikuwa tayari mdomoni... Anakula nafasi ya watu wawili. Aachwe angali na heshima yake.

Sikujua kwamba wangempa Khalfan nakala. Alikuja mezani kwangu na karatasi mkononi, hakupandisha sauti.

"Hawakutia jina la aliyeandika," alisema, "lakini maneno haya nayajua miye. Nnayasikia kila Jumatatu, sebuleni kwangu, nikikutilia kahawa."

Laiti angenitukana! Aliikunja ile karatasi, akaenda kuwaaga vijana wa bohari mmoja mmoja, mpaka mfagizi. Mimi hakuniaga.

Jumatatu nilikwenda kwake, nikakuta geti limefungwa. Jumatatu ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nikakuta tangazo la kupangisha! Jirani akaniambia kenda Unguja kwa dadake, na simu yake haikupatikana tena.

Mwaka haukwisha, nami nikastaafishwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wasomaji wangu.

Sasa naangalia mechi peke yangu. Nilijaribu kubishana mtandaoni na washabiki wa huko Marekani, lakini wale wanatukanana tu, hakuna anayeuliza kama kahawa imekutosha. Wakati mwingine najisahau, naisemesha televisheni. Mke wangu huchungulia, kisha huurudisha mlango polepole. Upweke wa namna hii, umwambie nani akuelewe?

Mwaka huu miaka mitatu imetimia. Yule kijana amekuwa nyota, kila mtu anamsifu. Nilishinda mimi! Nikaichukua bahasha ya Khalfan ili angalau nicheke... nikaifungua.

"Suleiman, ni huyo kijana. Haki ni yako, nimejua tangu siku ya kwanza. Lakini nikikubali, utamaliza kahawa yako wende zako, na nyumba hii kubwa kwa mtu mmoja. Nisamehe kwa kukuchosha."

Nililia kama mtoto. Yeye ndiye anayeniomba msamaha mimi!

Ndugu zangu, nakusihini. Ukiulizwa nani aachwe, kwanza jiulize mwenyewe unaogopa nini. Na rafiki anayekubishia kila siku usimwone adui, huenda hataki tu uondoke. Mimi nimechelewa kulijua hilo.

Na kama yuko msomaji huko Unguja anayemfahamu Khalfan, mzee mrefu, anayepika kahawa chungu, tafadhali amwambie bahasha yake nimeisoma. Na amwombe, kwa jina la Mungu, ile ya kwangu aichome moto bila ya kuifungua. Maneno yaliyomo ni yale yale ya kwenye ile karatasi.