Zornitsa na Mdahalo wa Gabrovo

Kila siku shule ilipofungwa, Zornitsa alipitia kwenye duka la mikate la shangazi yake Ginka, karibu na mnara wa saa wa mji wa Tryavna. Alivua glavu, akajikatia kipande cha banitsa, andazi la tabaka nyembamba lenye jibini, kisha akaanza kuzungumza. Aliweza kubishana na mteja yeyote juu ya jambo lolote: mpira, bei ya kuni, hata namna ya kuchoma pilipili. Wateja walicheka mpaka wakasahau chenji zao. "Huyu lazima awe wakili," walisema, naye Zornitsa akaamini kwamba kilichobaki ni kukua tu.

Ndiyo maana mwalimu Iliev alipotangaza mdahalo wa darasa la saba, Zornitsa hakufungua kitabu hata kimoja. Mshindi angemchagua mwenzake, wawili hao waende kuiwakilisha shule katika mashindano ya midahalo kwenye mji wa Gabrovo. Mada ilikuwa kama wanafunzi waruhusiwe kutumia simu shuleni. Nani asiyeweza kuzungumzia simu?

Mpinzani wake alikuwa Plamen, mvulana mpole asiyependa kutazamwa. Zornitsa alianza kwa mzaha, darasa likaangua kicheko. Kisha akasema kwa sauti kubwa kwamba nchi zote zilizoendelea zinaruhusu simu shuleni.

Plamen akasimama polepole. "Nchi zipi?"

"Zote!"

"Taja moja tu."

Zornitsa akatazama dari. "Haya... Ufaransa."

"Ufaransa walipiga marufuku," Plamen alisema. "Wakatunga na sheria kabisa. Nimesoma."

Darasa likacheka tena, na safari hii lilimcheka Zornitsa. Plamen alishinda bila kupandisha sauti.

Jioni ile Zornitsa alikaa nyuma ya duka, macho mekundu. "Amekariri tu yule," alimwambia shangazi yake.

Shangazi Ginka hakuacha kukanda unga. "Na wewe nani alikukataza kukariri?"

Kesho yake, kila mtu alitarajia Plamen amchague rafiki yake Nikola. Plamen akaenda moja kwa moja kwenye dawati la Zornitsa.

"Nikienda na Nikola tutakuwa mabubu wawili," alisema. "Wewe unajua kuongea. Ila usome, Zori. Nikisimama na wewe mbele ya watu, sitaki kusikia tena habari za 'nchi zote'."

Zornitsa alitaka kumjibu neno kali, kisha akatoa daftari jipya mkobani. "Sawa," akasema.

Tatizo ni kwamba huko Gabrovo mada ingetolewa siku ileile ya mdahalo, muda mfupi kabla ya kuanza. Walimwendea Bi Stefka, mtunza maktaba ya mji, wakamuuliza wasome nini.

"Kila kitu," Bi Stefka alijibu, akawawekea mezani rundo la vitabu na magazeti: ufugaji wa nyuki, mafuriko, reli, vijiji vinavyohamwa, maisha ya wazee.

"Bi Stefka, mimi na nyuki wapi na wapi?" Zornitsa akalalamika.

"Kwani wewe na simu mnaachana? Mbona nasikia ulianguka?"

Plamen akainamia kitabu chake ili asionekane anacheka.

Majira ya baridi yalikuwa marefu. Kila alasiri walisoma, mmoja akamweleza mwenzake alichokipata, na mwenzake akajitahidi kukipinga. Halafu walibadilishana pande. Hapo ndipo Zornitsa alipopata taabu zaidi, kwani hakuwahi kutetea jambo asilolipenda. Nje, wenzake walipita wakiburuta sleji zao za kutelezea kwenye theluji. "Profesa Zori!" walimpigia kelele dirishani. "Toka, utaota ukungu humo!"

Siku moja aliwafuata. Siku iliyofuata pia akaenda. Aliporudi maktaba, mashavu yakiwa yamemwiva kwa baridi, alimkuta Plamen amesoma sehemu yake mwenyewe, na sasa yuko katikati ya ile ya Zornitsa. Plamen hakulalamika. Alisogeza tu kiti ili mwenzake akae. Zornitsa aliona heri angegombezwa. Tangu siku ile hakukosa tena.

Gabrovo walikuta ukumbi umejaa. Mada ilisomwa: njia za reli zenye abiria wachache zifungwe. Tryavna, yaani Plamen na Zornitsa, walipangiwa kuunga mkono.

"Mungu wangu," Zornitsa alinong'ona. "Bibi yangu husafiri kwa treni ya namna hiyohiyo."

"Basi unajua watakachosema," Plamen akajibu. "Anza hapo."

Plamen alizungumza kwanza. Sauti ilitetemeka, lakini alipanga hoja zake vizuri. Ndipo akasimama msichana wa upande wa pili, mrefu, mwenye kujiamini. "Mnataka kufunga reli," alisema. "Haya tuambieni, bibi kizee wa mlimani akiugua, afikeje hospitali? Atembee?"

Ukumbi ulipiga makofi. Zornitsa alisimama. Mzaha mzuri ulimjia mdomoni, akaumeza.

"Hapo umesema kweli," alianza. "Reli ikifungwa bila kuweka kitu kingine, bibi huyo ataumia, na sisi hatuungi mkono jambo hilo. Lakini treni yenyewe haimfikii mlangoni. Anashuka kituoni, kisha anapanda kilima kwa miguu. Nimesoma habari za vijiji vya milimani huko Austria ambako mtu hupiga simu, gari dogo likamfuata hadi karibu na nyumbani. Fedha za treni tupu zingeweza kulipia magari kama hayo."

Msichana mrefu akauliza kuhusu majira ya theluji. Zornitsa alikuwa na jibu. Yule msichana akauliza kuhusu wafanyakazi wa reli. Hilo Plamen alilijibu, na sasa sauti yake haikutetemeka.

Majaji walipotaja Tryavna kuwa washindi, Plamen alibaki ameketi kama aliyeambiwa habari za mtu mwingine. Zornitsa ndiye aliyemvuta mkono wasimame.

Walirudi jioni kwa treni, behewa zima wao wawili, mwalimu Iliev aliyewasindikiza, na mzee mmoja aliyelala.

"Tumeshinda kwa kutaka kuifunga reli hii hii inayoturudisha nyumbani," Plamen alisema.

"Shusha sauti, kondakta asije akatuteremsha," Zornitsa akajibu, wakacheka mpaka mzee akafumbua jicho. Kisha Zornitsa akamgeukia mwalimu Iliev. "Mwalimu, tulibahatika, eh? Ingekuwa mada nyingine tungekwama."

Mwalimu alitikisa kichwa. "Wangewapa mafuriko, mlisoma. Wangewapa wazee, mlisoma. Mtu aliyesoma kitabu kimoja huomba mada yake itoke. Aliyesoma vingi, akajiandaa kila siku hata pale asipojisikia, haombi. Ufundi wako wa kuongea ni zawadi, Zornitsa, lakini leo watu walikusikiliza kwa sababu ulikuwa na cha kusema. Ushindi huu mliupata maktaba, wakati wengine wakiteleza kwenye theluji. Leo mmekuja kuuchukua tu."

Zornitsa akafunga zipu ya koti lake. Kisha akamuuliza Plamen kama Bi Stefka hufungua maktaba Jumamosi.