Njia ya Tatu

Siku Nathanaeli alipojaza fomu ya kuomba umeme, Kizota, mtaa wa mafundi wa Dodoma, ilikuwa Kizota ya siku zote: jua kali, misumeno inalia kila upande, na upepo unabeba vumbi la mbao mpaka barabarani. Alikuwa amekalia benchi la kazi, kalamu mkononi, mkewe Penina akichungulia begani. Kiwanja chao kilikuwa kimoja. Mbele karakana ya useremala, nyuma nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa bado inanukia saruji. Fomu iliuliza swali jepesi tu: umeme wa njia moja, wa matumizi ya nyumbani, au njia tatu, wa mashine kubwa?

"Weka tatu, Baba Loisi," Penina alisema. "Hiyo mashine ya randa uliyonunua ni ya njia tatu. Hata fundi Batholomeo alikwambia."

"Tatu mpaka waongeze nguzo. Tutakaa gizani hadi lini? Taa iwake kwanza, randa tutaitafutia ujanja. Tatu tutaweka mwakani."

"Haya. Ngoja ngoja huumiza matumbo," Penina akamtania, akarudi jikoni kuangalia sufuria yake.

Nathanaeli akaweka alama kwenye njia moja. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa mwakani. Kila jambo zito alilisogeza mbele, na kwa kuwa mambo mengi hukubali kumsubiri mtu, alizoea kudhani kwamba yote husubiri.

Ujanja ulipatikana. Jamaa mmoja aliichokonoa ile randa mpaka ikakubali umeme wa njia moja, lakini ilikubali shingo upande. Ukibonyeza swichi, mota ilinguruma pale pale bila kuzunguka, mpaka mtu ausukume mkanda wake kwa kiganja. Ikishapata msukumo wa kwanza, inashika mwendo yenyewe. Basi Nathanaeli alisimama kwenye swichi na Penina kwenye mkanda. Mume akisema "sukuma," mke anasukuma. Ikawa hivyo kila asubuhi kwa miaka miwili, na ile mwakani ikazaa mwakani nyingine.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, ncha ya khanga ya Penina iliingia kwenye mkanda. Waliokuwepo mpaka leo hawapendi kuulizwa. Alizikwa kwao Mvumi, na binti yao wa pekee, Loisi, alirudi chuoni bila kumuaga baba yake. Neno la mwisho Penina alilolisikia duniani lilikuwa "sukuma."

Matanga yalipoanuliwa, Nathanaeli aliomba njia tatu. Safari hii hakutaja mwakani. Nguzo ikaja, nyaya zikavutwa, na Batholomeo, fundi umeme aliyefunga nusu ya karakana za mtaa ule, akagawa kazi yake: njia moja iende kuwasha nyumba, na zote tatu ziingie kwenye randa.

"Sasa haimhitaji mtu," alisema. "Bonyeza tu."

Nathanaeli akabonyeza. Randa ikanguruma kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, kisha ikazunguka. Hapo akalia mbele za watu wote. Kumbe kilichokuwa kinamtenganisha mkewe na kaburi ni nyaya mbili tu za nyongeza, na yeye aliziahirisha.

Kazi zikamiminika. Milango ya nyumba za watumishi kule Miyuji, vitanda vya hosteli za wanafunzi, makabati, meza za ofisi. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba kamtoa mkewe kafara. Lisemwalo lipo, walisema, huku wakiendelea kuagiza makabati kwake. Nathanaeli hakujitetea. Moyoni aliona hawajakosea sana.

Ila randa ilikuwa na tabia. Ile pumzi ya kwanza haikuisha. Kila alipobonyeza, mota ilinguruma kwanza, mara kidogo, mara kwa muda mrefu, ndipo izunguke. Siku moja, saa nane mchana, mtaa wote umenyamaza kwa joto, alibonyeza na randa ikakaa inanguruma. Akazima. Akabonyeza tena. Ikanguruma tu. Kisha kutoka nyumbani, jikoni, akasikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini, taratibu, kama mtu aliyeitwa akiwa katikati ya mapishi. Randa ikazunguka. Nathanaeli alikuwa anaishi peke yake, na jikoni mle hakukuwa kumepikwa kitu tangu msiba.

Alimwita Batholomeo. Hakumweleza habari ya mfuniko. Alisema tu mota inachemka kupita kiasi.

Batholomeo alifungua kisanduku cha swichi, akamulika ndani. Alipogeuka, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nathanaeli. Hii randa unaiwashaje?"

"Nabonyeza."

"Haiwezi kuwaka." Akavuta waya mmoja uliokunjwa nyuma ya kisanduku. Ncha yake ilikuwa imezungushiwa utepe mweusi. "Huu ni waya wa tatu. Niliufunga hivi siku ile, nikaitwa kwenye simu, nikausahau. Kosa langu. Utepe ni ule ule. Njia ya tatu haijafika kwenye mota hata siku moja."

"Miezi minne nafanya kazi."

"Najua. Ndiyo nakuuliza." Batholomeo akaramba midomo. "Mota ya namna hii ikikosa njia moja, haianzi. Itanguruma tu. Mpaka itokee mtu..."

Hakumalizia. Wote wawili waliutazama mkanda.

Kila mlango. Kila kitanda. Kila mguu wa meza uliotoka pale kwa miezi minne. Vyote vilikuwa na mkono wa mtu aliyezikwa Mvumi.

"Ngoja niuunganishe sasa hivi," Batholomeo alinong'ona. "Ni dakika tano."

Nathanaeli akamshika kifundo cha mkono. "Kesho," akasema. "Niachie mpaka kesho."

Kesho ikawa wiki. Nani angemlaumu? Mtu aliyefiwa na mkewe amegundua kwamba mkewe bado anaitika. Waya ukiunganishwa, randa haitamhitaji mtu, na Penina hatakuwa na la kumleta. Waya ukiachwa na utepe wake, atakuja kila akiitwa. Nathanaeli akawa anawasha na kuzima bila kazi. Alipiga randa mbao zilizokwisha kulainika. Alibonyeza, akasubiri kusikia mfuniko, na randa ilipozunguka alisema polepole, "Asante, Mama Loisi." Alikuwa na furaha, na furaha ile aliionea aibu hata yeye mwenyewe. Akaacha kwenda kanisani.

Jumamosi alikuja mama mkwe wake, Bibi Anyesi, kutoka Mvumi, chupa ya samli imefungwa kwenye khanga. Alikataa kuingia karakanani. Aliketi kwenye kigoda nje, amempa mkwewe ubavu kama heshima inavyotaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Sitakaa. Nimekuja kwa ajili ya mwanangu." Akaweka chupa chini. "Kila nikilala namwona. Haongei mambo mengi. Ananionyesha viganja tu, anaomba samli ajipake. Namuuliza, Penina, huko nako kuna kulima? Ananijibu kazi ni nyingi, mama, na anayeniita nampenda."

Nathanaeli akaiokota chupa ya samli.

"Mimi sijasoma," bibi alisema, bado anatazama barabarani. "Lakini mtu akishazikwa, hatumwi."

Alipoondoka, Nathanaeli alimimina samli kwenye kisahani, akakiweka sakafuni upande wa mkanda, akafunga karakana kwa kufuli. Alitaka kuamini kwamba bibi ni mzee na ndoto ni ndoto. Jumapili alasiri akafungua.

Samli ilikuwa imechotwa. Paka hulamba. Panya hula pembeni. Ile ilikuwa imechotwa kwa vidole vinne, na mifereji yake ilionekana wazi mpaka chini. Ukingoni mwa kisahani palikuwa na kipande cha ngozi. Kikavu, chembamba, kama kinavyobanduka kwenye lengelenge la kiganja.

Alipiga simu pale pale. "Batholomeo, njoo sasa."

"Leo Jumapili. Kesho asubuhi..."

"Sasa."

Batholomeo alikuja na nguo zake za kanisani. Alizima swichi kuu, akabandua utepe, akaingiza waya kwenye tundu lake, akakaza nati. Hazikufika hata hizo dakika tano. Kisha akawasha swichi kuu, akatoka akasimama mlangoni, kwa sababu kuna mambo ambayo fundi hana haki ya kuyaona kwa karibu.

Nathanaeli alisimama mbele ya kitufe. Sakafu ilikuwa imetulia chini ya vumbi jepesi la mbao, haijafagiwa tangu Jumamosi.

"Penina," alisema. "Nilikuchelewesha. Nilikuchelewesha ukiwa hai, na nimekuchelewesha tena. Nisamehe. Sina kazi nyingine ya kukupa. Nenda kapumzike."

Akafumba macho. Akabonyeza.

Randa ikazunguka. Haikunguruma. Haikuvuta pumzi. Ilizunguka mara moja kama mashine ya mtu mwingine yeyote. Jikoni palikuwa kimya. Nathanaeli aliuegemeza mkono ukutani, macho bado kayafumba, akalia kwa sauti, maana kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Jumanne alikuwa mgane kweli. Baadaye akapapasa, akazima, na karakana nzima ikatulia.

"Nathanaeli," Batholomeo aliita kwa kunong'ona. "Usisogee. Tazama chini."

Akatazama.

Mbele ya viatu vyake, ndani ya vumbi la mbao, palikuwa na nyayo mbili za miguu mitupu. Ndogo. Vidole vimemwelekea yeye, vimekaribia kugusa ncha za viatu vyake. Hakukuwa na nyayo za kufika pale. Hakukuwa na nyayo za kuondoka. Na vidole ndivyo vilivyozama. Visigino havikuwa vimekanyaga kabisa, kama vya mtu anayejiinua ili afikie shingo ya mtu mrefu.

Nathanaeli ni mtu mrefu. Alisimama pale pale mpaka jua likazama, mikono ikining'inia, bila kuinua hata unyayo mmoja, na Batholomeo alimngoja nje bila kumwambia atoke.