Mluzi Ndani ya Nyumba

Shangazi yangu Khamisa alikuwa na nyumba ya vyumba vinne huko Kibarani, Kilifi, na mwaka wa themanini na nne mpangaji wake alikuwa mmoja tu: Jedida, mjane wa bara aliyeishi kwa kufua nguo za watu. Shangazi naye alikuwa amefiwa na mume, na wanawe wote walikuwa Lamu. Wanawake wawili, nyumba kubwa, maneno machache. Walisalimiana asubuhi, wakasalimiana jioni, na siku ikawa imekwisha.

Mwezi wa Mei, mvua zikiwa bado zinanyesha, Jedida alirudi kutoka kazini akivuta mbwa kwa kamba. Alikuwa mbwa mchanga, hajatimiza mwaka, wa ile aina ya polisi: masikio wima, mgongo mweusi, na mbavu za kuhesabika.

"Ni wa Mzee Ndirangu," alisema. "Mzee amekufa, Bi Khamisa. Siku nne, na hakuna aliyejua."

Mzee Ndirangu alikuwa mstaafu wa mtaa wa pili, aliyewahi kufunza mbwa wa ulinzi. Kwa kuogopa wezi wanaotupa nyama yenye sumu, huyu wake, Koplo, alimzoeza asiguse chakula mpaka apigiwe mluzi. Mfupi, mfupi, mrefu. Kila saa kumi ya alasiri mtaa mzima uliusikia. Jedida alikuwa akimfulia mzee nguo. Alipobisha bila kujibiwa alivunja dirisha, akamkuta kitini amekauka, na mbwa ameketi mbele ya sahani iliyojaa. Chakula kilikuwa kimechacha. Sakafu ilikuwa imelowa udenda, lakini mbwa hakuwa ameonja hata tonge.

Shangazi aliingiwa na huruma, ila nyumba yake ilikuwa ya kuswaliwa. "Akae uani," alisema. "Lakini mwezi wa Ramadhani ukiandama, awe ameshapata kwao."

Jedida akaanza kuzunguka kumtafutia mbwa nyumba. Mwenye duka alimtaka, lakini wa kufungwa mnyororo mchana kutwa, na Jedida akasema hapana. Mwalimu mmoja alimpenda sana, mkewe akawatia adabu wote wawili, mbwa na mume. Na muda wote huo Koplo hali. Aliwekewa ugali, akawekewa vichwa vya samaki, akavitazama huku udenda ukimtoka.

Siku moja ya mvua Jedida alimwingiza chumbani, akaketi naye sakafuni, akakaza midomo. Mfupi, mfupi, mrefu.

Shangazi alitoka jikoni mbio, kanga inamvuka.

"We Jedida! Huku kwetu hatupigi mluzi ndani ya nyumba!"

"Namwita mbwa ale, dada."

"Mbwa si huyo mbele yako? Basi unamwita nani?"

Jedida alicheka. Koplo hakula. Alimtazama Jedida kwa adabu, kisha akageuza kichwa polepole kuelekea dirishani.

Kesho yake saa kumi, shangazi alikuwa akichagua mchele aliposikia mluzi uani. Aliinuka kwenda kugomba. Alimkuta Jedida mlangoni, amejiziba mdomo kwa kiganja, na Koplo anakula kwa pupa.

"Si wewe?"

"Si mimi."

Uani hapakuwa na mtu, na mlango wa nje ulikuwa umekomewa kwa ndani.

Siku ya pili mluzi ulisikika ukumbini. Siku ya tatu ulisikika chumbani kwa Jedida. Shangazi alifukiza ubani, akasoma Ayatul Kursi mpaka sauti ikamkauka. Koplo alinenepa. Na Jedida, ukweli usemwe, alichangamka. Alisuka nywele. Akawa anafagia chumba kabla ya saa kumi, kama anayetarajia mgeni.

"Angalau kuna anayekumbuka kuja," alinong'ona.

Siku mbili kabla ya mwezi kuandama akaja Phineas, bawabu wa mashamba ya chumvi Marereni, mtu mpole aliyeishi peke yake. Alichuchumaa, akaacha mkono wake unuswe. Koplo akamlalia miguuni. Jedida alimweleza habari ya mluzi huku analia.

"Akikataa kula, mrudishe siku hiyo hiyo."

Baada ya juma moja Phineas alituma salamu kwa dereva wa lori: Koplo anakula chochote, tena bila kuambiwa, siku ya kwanza tu aliiba samaki jikoni. Shangazi alifurahi, akaenda kumpa Jedida habari. Hakufika mlangoni. Saa kumi ilikuwa imetimia, na mluzi ulilia ndani.

Alisukuma mlango. Jedida alikuwa chini, anakula haraka haraka, hata mikono hakunawa.

"Hamia chumbani kwangu, Jedida. Leo hii."

"Nikihama, yeye atampigia nani?"

Kumi la pili la Ramadhani shangazi alikwenda matangani Malindi kwa siku nne. Alirudi alasiri, na saumu yake. Nyumba ilikuwa kimya. Alibisha. Akaingia.

Jedida alikuwa ameketi mbele ya sahani iliyojaa. Ugali ulikuwa umeota ukungu. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na kifua cha kanga kimelowa udenda. Macho yalikuwa dirishani.

"Kula, dada yangu. Kula, nakuomba."

Hakugeuka.

Shangazi hakuwahi kupiga mluzi maishani mwake. Alikaza midomo iliyokauka kwa funga. Ukatoka upepo. Akajaribu tena. Upepo.

Kisha ukalia. Nyuma ya shingo yake. Mfupi. Mfupi. Mrefu.

Jedida akaiangukia sahani, akala. Shangazi alilia kwa furaha, alilia hadi aliposikia uchachu kinywani. Alitazama chini. Mkono wake mwenyewe ulikuwa ndani ya ugali.

Jedida alipona. Phineas alikuja kumchukua, na wako Marereni hadi leo, wao wawili na Koplo, wanakula wanapotaka. Nyumbani Kibarani akabaki shangazi peke yake.

Funga ile iliharibika, na funga iliyoharibika sharti ilipwe. Amejaribu mara sita. Hula daku, hutia nia, hutia jiko kufuli. Ikifika saa kumi hujikuta anatafuna. Mara ya sita nilikuwa naye, nimemshika mikono yote miwili, ufunguo wa jikoni mfukoni mwangu. Mimi sikusikia kitu. Niliona taya zake zikianza kwenda. Nikamwambia afungue kinywa.

Juu ya ulimi kulikuwa na tonge la ugali, lenye ukungu.