Mashine Iliyovikwa Kitambaa

Kila asubuhi Emerance alifungua kibanda chake cha kuchapa barua, hapa Bunia, upande wa Shari. Kwanza alifagia vumbi jekundu. Kisha aliiweka mashine yake, yaani kompyuta ya kukunja, juu ya mto laini. Mwisho aliizungushia kitambaa cheupe chenye maua mekundu. Kioo na vibonye tu ndivyo vilivyobaki wazi.

Kitambaa hicho kilifumwa na mama mkwe wake, Mama Régine. Kwake yeye, kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa. Viti vina vitambaa. Hata mtungi wa maji una chake. Familia ilipokimbia kijiji, Mama Régine alitoka na vitu viwili: sindano yake ya kufumia, na ng'ombe mmoja. Kundi lote lilipotea. Yule mmoja alitembea nao mpaka Bunia, wakamwita Salama. Maziwa yake ndiyo wanayokunywa watoto, Divine na Bruno.

Sasa kuna amani, lakini ni amani ya kulala na viatu miguuni. Barabara ya kijijini hufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni. Kwa hiyo familia imebaki mjini. Anaclet, mume wa Emerance, hupata kazi ya uashi siku moja, akaikosa siku tatu. Kwa kweli wanaishi kwa mashine ya Emerance.

Na mashine ilianza kusumbua. Ukiiwasha, unaweza kumenya kikapu cha mihogo ikawa bado haijawa tayari. Ilipata joto. Ilinguruma. Mara ilizima yenyewe katikati ya barua. Wateja walikaa, wakaguna, wakaenda kwingine. Wiki hiyo mkuu wa shule alikuwa ameleta mitihani ya madarasa sita. Aliitaka Jumatatu.

Jumatano mashine ilizima mara nne. Emerance alilia, na mimi simlaumu.

"Papa Divine," alimwambia Anaclet jioni, "hii mashine imekufa. Kule soko kuko moja mupya, nyembamba, inangaa sana. Muuzaji anasema ni ya bureau, ya kazi ya ofisi."

"Na feza iko wapi?"

Walijua iko wapi. Ilikuwa imefungwa kamba nyuma ya nyumba, ikitafuna majani.

Mama Régine alikuwa amesikia. Hakugomba. "Kama ni juu ya chakula ya batoto, muuzishe," alisema. Kisha akatoka kwenda kumpa Salama maji, ingawa alikuwa amekwisha kumpa. Mnunuzi akaambiwa aje Jumamosi.

Alhamisi Emerance aliibeba mashine kwa Adeline, fundi wa kompyuta karibu na soko. Hakwenda kuitengenezesha. Alitaka tu mitihani itolewe ndani kabla mashine haijafa kabisa.

Adeline alipoona kitambaa alicheka. "Mama Divine, mashine iko na homa? Mbona umeifunika hivi?"

"Ni juu ya vumbi. Mama mukwe njo alinifumia."

"Haya. Kwanza tuokoe kazi yako. Mashine inaweza kufa siku yoyote, lakini kazi isikufe nayo." Akanakili mitihani yote kwenye clé, kifaa kidogo cha kuhifadhia kazi, kama kidole. "Kila jioni ufanye hivi. Na hii clé ilale nyumbani, hapana mu kibanda."

Kisha akaipindua mashine na kufungua skrubu. Ndani mlikuwa na feni ndogo. Haikuonekana vizuri. Ilikuwa imevaa vumbi jekundu na nyuzi nyeupe za pamba.

"Angalia," Adeline alisema. "Mashine inavuta hewa huku chini. Joto inatokea huku pembeni. Weye umeilalisha juu ya muto, umeifunga na kitambaa. Itapumulia wapi? Joto ikipita kipimo, inajizimisha yenyewe ili isiungue."

Emerance alishika mdomo. "Kumbe siye njo tulikuwa tunaiua?"

"Mulikuwa munaipenda vibaya."

"Na kuchelewa kuwaka?"

"Ile ni diski. Yako ni ya zamani, inazunguka ndani. Kuko zingine hazizunguke, wanaita SSD. Zile ziko mbio. Tena mémoire yako, nafasi ya mashine kushikia kazi, ni kidogo. Ukifungua kazi tatu, zinasongana. Nitaongeza."

"Si afazali ninunue ile mupya?"

"Uliangalia ndani yake?"

"Niliona inangaa."

Adeline akafunga duka lake. "Baba yangu alichimba zahabu kule Mongbwalu. Alisema jiwe hawanunue na macho, wanapima kwanza. Twende tupime."

Sokoni, Adeline aliomba mashine ile iwashwe. Akatazama memori yake: ni ndogo, sawa na ile ya Emerance. Akauliza kama inaweza kuongezwa. Haiwezi, imeunganishwa humo humo kiwandani. Akachomoa waya wa umeme, mashine ikazima papo hapo. Betri ilikuwa imekwisha.

"Lakini angalia vile inangaa!" alisema muuzaji.

"Hata sufuria inangaa," Adeline alijibu.

Njiani akamweleza Emerance. "Yako iliundwa kweli kwa kazi ya bureau. Ngozi yake ngumu, vibonye vyake vinavumilia, inafunguka na skrubu. Kipande kikifa, unabadilisha kile kimoja. Namna hii njo ya kutafuta, hata ya mukono ya pili, yenye ilishatumika. Diski na mémoire, zote mbili, ni bei ya mbuzi moja."

Bei ya mbuzi Emerance alikuwa nayo, akiba ya kibanda. Bei ya ng'ombe ndiyo hakuwa nayo.

Ijumaa mashine ilikuwa tayari. Iliwaka kabla Emerance hajakaa vizuri kitini. Adeline akampa maagizo ya mwisho: "Meza ngumu, bila muto. Kitambaa uweke tu mashine ikiisha kuzimwa na kupoa. Na kikombe kisikaribie hata siku moja. Chai na maziwa vinaiua kuliko vumbi." Emerance alichapa mitihani kibandani mpaka usiku, akakuta nyumbani wote wamelala.

Jumamosi asubuhi mnunuzi alifika na kamba mkononi. Mama Régine alikuwa amemsafisha Salama mpaka kwato. Alikuwa amemfunga kitambaa kipya shingoni, cheupe chenye maua mekundu. Emerance alikishika kitambaa hicho.

"Mama, ngombe haendi," alisema. Kisha akaeleza yote, na nyuzi za pamba pia, ingawa aliogopa kumuumiza.

Mama Régine alimtazama ng'ombe, akamtazama mkamwana. "Kumbe kitambaa yangu njo ilitaka kukula ngombe yangu?"

Akakaa chini palepale, akacheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka, na kicheko kilipoisha machozi yaliendelea. Anaclet alimsindikiza mnunuzi na kamba yake tupu.

Jumatatu mkuu wa shule alichukua mitihani yake, madarasa yote sita. Wateja wakarudi mmoja mmoja.

Siku hizi, kila alasiri, Mama Régine anafika kibandani na kikombe cha maziwa ya Salama. Haingii. Anasimama nje ya mlango, anachungulia mashine iliyokaa uchi juu ya meza, na kuita:

"Toka inje, mukamwana. Hii maziwa haiingie umo."

Na Emerance anatoka, anakunywa amesimama juani, mpaka tone la mwisho.