Tofali za Dada Yangu Ziko Ukutani mwa Uwanja

Nina miaka ishirini na miwili, elimu yangu ni darasa la saba, na mbele za watu ulimi wangu huwa mzito. Hata kuandika naandika polepole. Ukurasa huu umenichukua Jumapili mbili. Nivumilieni, ndugu wasomaji, maana nisipolitoa jambo hili litanimaliza...

Wazazi wetu walikuwa wakulima wa Didia. Walipofariki, dada yangu Kabula alinichukua nikiwa mdogo, tukahamia kijiji cha wachimbaji, si mbali na Kharumwa. Alikuwa mama ntilie machimboni, akanisomesha hadi nikamaliza shule ya msingi. Mama yangu wa pili ni yeye.

Zahanati yetu haina chumba cha kujifungulia. Kwa hiyo kijiji kilikubaliana kwamba ushuru wa maduara, yaani yale mashimo ya dhahabu, ujenge wodi ya wazazi. Kila kaya ilitoa tofali za kuchoma. Kabula alikuwa na mimba changa wakati huo, na mumewe alishafuata rashi ya dhahabu, yaani machimbo mapya, mbali na hajarudi mpaka leo. Mimi nilikanyaga udongo, yeye akafyatua. Kwenye kila tofali mbichi alichora mstari mfupi kwa kidole, ili mtu asije kusema kaya yetu haikutoa.

Ndipo akaja tajiri mmoja, mnunuzi wa dhahabu. Jina lake silitaji, tulimwita Bosi. Timu ya mpira ilikuwa yake, na golikipa wake, yaani nyanda, nilikuwa mimi. Golini sihitaji kuongea, labda ndiyo maana nilipapenda.

Bosi alitaka uwanja wenye ukuta na jukwaa. Akasema ni uwanja wa wananchi, hivyo kijiji kitoe ushuru wake na zile tofali. Wodi ingefuata baadaye.

Siku moja kabla ya mkutano wa kijiji alinituma nikamsubiri ofisini kwake. Mezani palikuwa na hati ya kiwanja. Niliisoma polepole, kama ninavyosoma kila kitu. Mmiliki wa ardhi na wa vyote vitakavyojengwa juu yake alikuwa yeye peke yake. Jina la kijiji halikuwapo popote.

Aliponikuta naisoma hakukasirika. Alifungua kabati akatoa glovu mpya za golikipa.

"Chukua, nyanda wangu. Namba moja ni yako, wewe ni mtu usiye na maneno mengi."

Nikazichukua.

Nyumbani nilimweleza Kabula yote, isipokuwa habari ya glovu. Akasema, "Basi kesho simama uulize hati ina jina la nani. Swali moja tu, mdogo wangu. Mimi nikisimama na tumbo hili watasema najiombea kitanda."

Nikamwahidi.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, na soda za Bosi ziligawiwa kwanza. Jirani yetu Mama Shija aliuliza, "Sasa sisi tutazalia golini?" Watu wakacheka. Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Mama Shija, acha utani, tuna mambo ya maendeleo hapa. Kuna mwenye swali?"

Kabula aligeuka akanitazama.

Swali nilikuwa nalo kamili kichwani. Lakini Bosi naye alikuwa akinitazama. Nilitazama chini mpaka Mwenyekiti akasema wanaounga mkono wanyooshe mikono. Mikono ilipaa pande zote. Niliona aibu kuwa peke yangu, nikanyoosha na wangu.

Kabula hakunigombeza. Njiani aliniuliza tu kama nimeshiba soda.

Wiki iliyofuata vijana wa timu tulihamisha tofali kutoka zahanati, tukiimba nyimbo za kulimia. Za kwetu nilizibeba mwenyewe. Nilizijua kwa ule mstari wa kidole.

Uwanja ulifunguliwa masika, Jumamosi mchana. Kiingilio kilitozwa hata kwa wale waliotoa tofali. Kipindi cha kwanza hakijaisha nikasikia Mama Shija akiniita nyuma ya goli.

"Nyanda, dada yako ameshikwa na uchungu tangu asubuhi. Alinikataza nisikusumbue. Sasa anatoka damu."

Nilitoka golini nikakimbia. Nyuma yangu mpira uliingia, uwanja mzima ukanizomea.

Zahanati ilikuwa na nesi mmoja na benchi. Alituambia tumuwahishe hospitali ya Kharumwa. Pikipiki karibu zote zilikuwa uwanjani, na tuliyoipata ilinasa kwenye tope mara mbili. Nilimshika dada yangu kwa nyuma asianguke. Aliniuliza kama tumeshinda. Nikamwambia ndiyo.

Tulifika hospitali akiwa ameshanyamaza. Nilimzika pamoja na mwanaye, kaburi moja.

Timuni sikurudi. Lakini juzi uliitwa mkutano mwingine, Bosi anataka ushuru wa maduara uweke taa kwenye uwanja huo. Nilisimama. Sauti ilitetemeka vibaya.

"Hati ya uwanja ina jina la nani?"

Bosi akatabasamu. "Nyanda, umetoka tena golini?"

Wengine walicheka. Mimi sikukaa. Nilisema niliisoma hati kwa macho yangu, nikasema na habari ya glovu. Kicheko kikaisha. Mama Shija akasimama kando yangu, akauliza swali lile lile. Halafu baba mmoja nyuma, halafu mwingine. Mwenyekiti alipoomba mikono, ilipanda michache, karibu yote ya vijana wa timu.

Je, inanisaidia nini sasa? Taa hazikupita, lakini wodi haipo, na tofali haziwezi kurudi.

Ninyi vijana wenzangu mnaoogopa kusimama, nawaomba. Mali ya kijiji ikitakiwa kwa ajili ya uwanja, au kitu chochote kile, ulizeni hati ina jina la nani, tena mbele za watu. Mkitetemeka, tetemekeni mkiwa mmesimama. Mimi niliweza kuuliza, ila niliuliza nikiwa nimechelewa.

Ukuta wa uwanja haujapigwa lipu mpaka leo. Upande wa goli la kaskazini, mstari wa kidole cha Kabula unaonekana kwenye kila tofali yetu. Huwa napita pale. Naweka kidole changu, kisha naenda zangu.