Bakuli Lililofunikwa Kitambaa

Saa kumi na mbili jioni, Mwalimu alimtuma Tumbo dukani kununua hamira.

Jina hilo alipewa na wenzake wa chuo cha upishi, na wala hakulikasirikia. Walikuwa wanafunzi kumi na wawili, wamekwenda nchi ya watu kujifunza mapishi ya wengine. Kwa wiki mbili, kila kilicholetwa mezani wenzake walikinusa kwanza, yeye akawa ameshakitafuna. Viwavi vya kukaanga, damu iliyogandishwa, samaki aliyevundikwa mpaka macho yakayeyuka. Walimtania kwamba hata mguu wa kiti, ukitiwa chumvi, asingeuacha.

Duka lilikuwa limefungwa. Akazunguka nyuma kutafuta jingine, akajikuta kwenye kichochoro chembamba, kuta zote mbili zikitoka unyevu. Hapo ndipo harufu ilipomkuta. Harufu ya udongo uliolowa... na chini yake kitu kitamu, kama maziwa yanayoanza kuchacha.

Mlango mmoja ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na meza moja na viti vitatu. Mwanamke wa makamo na mumewe walikuwa wamekaa, hawali, hawaongei. Mbele ya kiti cha tatu, kilichokuwa kitupu, palikuwa na bakuli lililofunikwa kitambaa cheupe.

Tumbo alidhani ni mgahawa. Alionyesha bakuli, akaonyesha mdomo wake, akatabasamu.

Mume alimtazama mkewe. Mke akavuta kiti.

Ilikuwa supu ya kijivu, imepoa, juu imeweka utando kama uji uliosahaulika. Ndani yake vilizama vipande vyeupe, laini, ambavyo havikuwa nyama wala mihogo. Kijiko cha kwanza hakikuwa na ladha yoyote. Cha pili vilevile. Cha tatu kilimletea utamu ulioshuka mpaka magotini, na machozi yakamtoka bila sababu. Akala. Akaendelea kula.

Mwanamke alianza kusema, taratibu, kwa lugha yake ileile ambayo kwa wiki mbili Tumbo hakuwa ameambulia hata salamu.

"Kula, mwanangu. Umechelewa sana."

Na Tumbo alielewa.

Kijiko kilimponyoka. Alisimama, huku supu kidogo imebaki chini ya bakuli. Hakuna aliyemshika. Mwanamke alimfuta tu mdomo kwa kidole gumba, kama anavyofutwa mtoto mdogo, akamwambia aende, njia ya kurudi anaijua.

Kweli aliijua. Alifika hosteli kwa vichochoro ambavyo hajawahi kupita, akikata kona bila kufikiri, na kila kona miguu ilisita... ikitaka kugeuka.

Chakula cha jioni kilikuwa kama pamba mdomoni. Hakumwambia mtu. Alichukua simu akampigia mama yake, fundi cherehani, ambaye hakuna siku aliyolala bila kuisikia sauti ya bintiye. Akamsalimu, akamuuliza hali, akamwambia amemkumbuka.

Upande wa pili cherehani ikasimama.

"Nani mwenzangu?" mama yake aliuliza. "Sikuelewi. Mpe mwanangu simu yake."

Mwanafunzi aliyelala naye chumba kimoja alikuwa ameketi kitandani, amekodoa macho. Alimuuliza kwa kunong'ona ile lugha ameijulia wapi. Tumbo alikuwa na hakika kabisa kwamba alikuwa akiongea Kiswahili.

Mwalimu alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, wa kukurudisha mara nne kuosha sufuria moja. Alipoletewa habari na mwanafunzi yule hakucheka. Asubuhi alimchukua Tumbo pamoja na mkalimani wao, wakafuata miguu ya Tumbo mpaka kwenye mlango ule.

Mwanamke aliwapokea kana kwamba walikuwa na miadi. Alieleza, na mkalimani akatafsiri huku sauti ikizidi kupungua. Walikuwa na binti. Alifariki mwaka uliopita. Tangu hapo mama yake humpikia kila siku, humfunikia, humsubiri. Aliyemfundisha kupika chakula kile hakumtaja. Alisema tu aliambiwa kwamba siku atakapotokea mtu wa kukaa na kula bila kukaribishwa, na akamaliza, kiti hakitakuwa kitupu tena.

Akaweka bakuli mezani. Lilelile. Lilikuwa na kama kijiko kimoja tu.

"Hajamaliza," mkalimani alinong'ona. "Anasema amalize, au akiache kikae hivyo... asiwe wa huku wala wa kwao."

Tumbo aliuona mkono wake mwenyewe ukienda kwenye kijiko. Hakuwa ameutuma. Mate yalimjaa mdomoni, na ndani ya kichwa chake alijaribu kuikumbuka sura ya mama yake, asiipate.

Mwalimu alimpiga ule mkono, kama alivyozoea kuwapiga jikoni wanaoonja kwa vidole.

"Huyu nilimchukua kwa mama yake," alisema, "nitamrudisha kwa mama yake."

Akalinyanyua bakuli, akalinywa mpaka likabaki jeupe.

Mke alimtazama muda mrefu. Kisha akachukua kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka kabatini.

Mchana ule Tumbo alihisi chumvi ya mchuzi ulimini akalia mbele ya watu. Jioni mama yake alimjua kwa neno la kwanza. Siku tano baadaye walipanda ndege wote kumi na watatu, na Mwalimu alikuwa mzima, ila mpole kuliko kawaida. Walipotua, mume wake alikuja kumpokea. Mwalimu alimpa mkono kwa adabu, kama mgeni.

Mwezi haujaisha, mume huyo alibisha hodi nyumbani kwa kina Tumbo. Alikuwa amekonda. Alisema mkewe hali chakula cha mtu yeyote. Kila jioni huketi mezani, uso ameuelekeza mlangoni, akaongea lugha ambayo hakuna anayeijua. Alikuwa amemrekodi kwenye simu. Tumbo alikuwa huko safarini pamoja na Mwalimu, labda angesaidia.

Tumbo aliiweka simu sikioni. Lugha ile ilikuwa imemtoka kabisa, hivyo ndivyo alivyoamini. Kwenye rekodi palikuwa na kijiko kikigonga bakuli tupu, halafu sauti ya Mwalimu, nyororo, ya binti anayemuuliza mama yake.

"Na mdogo wangu? Anakuja lini?"

Mume alimwuliza anasema nini.

Tumbo alimrudishia simu yake, akasema haelewi hata neno moja.